Mrashi wa Mama Mdogo Unaona Nini

Katika picha ya kwanza ya mrashi nilijiona mimi. Fulana nyekundu, kamera usoni, nyuma yangu dirisha lenye nondo, na juu kabisa, pale shingo inapoanza kupanda, taa ya dari imeganda kama nukta ya chaki. Fedha yenyewe haikuonekana. Nikafuta, nikasogea kushoto, nikapiga tena. Nikajikuta nimo tena, safari hii nimevutika mwembamba kama mlingoti.

Mrashi ule ulikuwa wa bibi. Kwa asiyeujua, ni chupa ya fedha yenye tumbo la mviringo na shingo ndefu, kichwani ina vitundu, na kazi yake ni kuwanyunyizia wageni marashi harusini au kwenye maulidi. Mama mdogo, anayeishi Malindi, Unguja, ndiye aliyeurithi. Mwaka 2019 aliamua kuwauzia watu wa mbali vitu ambavyo miaka yote amekuwa akiwatengenezea majirani na maharusi: sabuni za mwani na karafuu, mafuta ya nazi, marashi ya mawaridi, udi anaoupika mwenyewe kwa sukari. Akafunga boksi, akalipakia kwenye boti ya asubuhi, nami nikalipokea bandarini Dar es Salaam. Juu ya vitu vyote alikuwa ameuweka mrashi, umeviringishwa ndani ya kanga kuukuu.

"Shikamoo mama mdogo, mzigo umefika."

"Marahaba mwanangu. Huo mrashi siuzi, usije ukachanganya. Nataka uwemo kwenye picha tu. Nataka mtu akiiona picha aisikie harufu."

Nilikuwa na kamera ya mtumba, lenzi moja ya milimita 50, na chumba cha pili cha nyumba ya kupanga Tabata: mita 3 kwa 3.5, kuta za bluu ya bahari, dirisha moja linalotazama kaskazini. Kwa hesabu zangu za siku ile kilichokosekana kilikuwa taa.

Jumamosi nikaenda Kariakoo, nikarudi na softiboksi mbili, yale masanduku ya kitambaa yenye uso mweupe mbele na balbu ndani. Nikazisimamisha moja kulia, moja kushoto, umbali sawa, nguvu sawa, kama walinzi wa geti. Chumba kikawaka mpaka majirani wakauliza kuna nini. Nikaweka sabuni katikati, nikapiga.

Sabuni za mama mdogo hukatwa kwa mkono. Kingo zake hazilingani, usoni kuna chembe za mwani na mahali kisu kilipokwama kikaacha mstari. Kwenye picha zangu vyote hivyo vilikuwa vimepotea. Kulikuwa na kipande cha mraba kisicho na unene, mfano wa kitu kilichochorwa kwenye karatasi. Kila taa ilikuwa ikifuta kivuli kilichotengenezwa na mwenzake, na pasipo kivuli jicho halina pa kushika. Nikaongeza mwanga, ikawa vibaya zaidi. Nilikesha siku mbili nikiongeza.

Balbu zenyewe pia zilikuwa na mambo yake. Nikifupisha muda wa kamera kufungua na kufunga hadi 1/500 ya sekunde, picha hutoka na mistari myeusi ya kulala. Umeme wetu ni wa hezi 50, kwa hiyo balbu ya bei rahisi hupungua na kuongezeka mwanga mara 100 kila sekunde. Jicho halitambui, kamera inatambua. Zilikuwa pia na ukijani fulani usioisha. Siku hizi nikinunua taa natafuta kwenye boksi herufi CRI, kipimo cha uaminifu wa rangi, na chini ya 95 siichukui kwa kazi ya bidhaa. Hilo ningeambiwa mapema ningeokoa nauli na pesa ya taa ya kwanza.

Wiki ya pili balbu ya kushoto iliungua. Sikuwa na pesa ya nyingine, na mama mdogo alikuwa akisubiri, basi nikapiga na moja. Sabuni ikainuka. Upande mmoja uliwaka, upande wa pili ukaingia kivulini taratibu, na mstari wa kisu ukasimama wazi. Nikaisogeza ile taa ikawa nyuma kidogo ya sabuni, mwanga ukapita juu ya uso wake kwa kuuparaza, na kila chembe ya mwani ikatoa kivuli chake kidogo. Nilikaa chini nikaiangalia ile picha kwenye kioo cha kamera muda mrefu. Taa ya pili sikuirudisha kwa miezi mitatu, hata baada ya kupata balbu.

Nikabaki na swali moja. Kwa nini taa hiyohiyo leo inanipa kivuli laini, kesho kivuli chenye ukingo mkali kama wembe? Jibu nililipata nikiwa nimelaza kichwa mezani, shavu limegusa kanga, pale hasa ilipokuwa imekaa sabuni. Softiboksi yangu ina upana wa sentimita 60. Ikiwa mita 2 kutoka pale, niliiona kama dirisha la nyumba ya ng'ambo ya barabara: kitu kidogo, kinatoka mahali pamoja. Nikanyoosha mkono nikaivuta hadi nusu mita. Ikajaa machoni pangu, kuanzia paji la uso hadi kidevu, na mwanga wake ukawa unanifikia kwa kuzunguka. Kumbe taa haina ukubwa wake yenyewe. Ina ukubwa ambao kitu kinauona.

Jua lina kipenyo cha kilomita zipatazo milioni 1.39, lakini kwa umbali lilipo unaweza kulifunika kwa kucha ya kidole cha mwisho ukinyoosha mkono. Ndiyo maana kivuli chake cha mchana ni kikali. Likifunikwa na mawingu ya masika, anga zima linageuka taa, na mtu akisimama uani kivuli chake hukioni.

Tangu siku ile, kabla sijagusa kamera naenda kwanza mahali kitu kilipo, nageuza macho nyuma, na kuuliza kinaona nini. Ni jambo dogo, na sijawahi kujifunza kubwa kuliko hilo katika kazi hii.

Nilipouliza hivyo kuhusu sabuni nyeupe ya nazi, nikaelewa kwa nini upande wake wa kivuli ulikuwa unatoka na ubluu. Ilikuwa inaona ukuta wangu. Mwanga wa taa ulipita, ukagonga ukuta wa bluu, ukarudi umebeba rangi. Mwenye nyumba asingekubali nipake rangi upya, kwa hiyo nilichukua lile povu jeupe gumu linalozungushiwa friji mpya dukani, nikalisimamisha sentimita 20 kutoka kwenye sabuni, kati yake na ukuta. Ubluu ukaisha, na kivuli kikapata mwanga kidogo, mweupe safi. Nikitaka kivuli kizame zaidi, natoa povu naweka karatasi ya manila nyeusi. Karatasi nyeusi haitoi chochote, inazuia tu mwanga usirudi, na bado ni kifaa ninachokitumia kuliko chote nilichonunua. Niliinunua kwa mwenye duka la vifaa vya shule, kwa pesa ndogo.

Umbali una kazi nyingine pia. Kwa taa ndogo isiyofunikwa, ukiihamisha kutoka nusu mita hadi mita moja mwanga unaokifikia kitu haupungui nusu, unabaki robo. Ukifika mita mbili, sehemu moja ya kumi na sita. Softiboksi iliyo karibu sana haifuati hesabu hiyo sawasawa, lakini mwelekeo ni uleule. Nikaugeuza kuwa rafiki. Sabuni nikiiweka sentimita 40 kutoka kwenye taa, na ukuta uwe mita 2 nyuma, ule ukuta wa bluu unatoka mweusi kabisa bila kutundika kitambaa. Chumba kidogo kinabana, lakini ukisogeza meza pembeni ukapiga kwa kukata pembe ya chumba, mita mbili unazipata.

Dirisha nalo lina habari yake. Maelezo mengi ya upigaji picha yameandikwa na watu wa Ulaya na Marekani ya Kaskazini, na mengi yanasifu dirisha la kaskazini kwamba halipigwi na jua, lina mwanga mtulivu mwaka mzima. Huko kwao ni kweli. Mimi dirisha langu ni la kaskazini, na mwezi wa Juni jua lilikuwa linaingia moja kwa moja mezani saa sita mchana na kuyeyusha sabuni za mafuta ya nazi. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta. Jua la mchana hupita utosini mwanzoni mwa Machi na tena katika wiki ya pili ya Oktoba. Katikati ya hapo, toka Machi hadi Oktoba, mchana liko upande wa kaskazini, na Juni linashuka upande huo hadi kimo cha nyuzi kama 60. Desemba liko kusini, na ndipo dirisha langu linapokuwa lile wanalolisifu. Kwa hiyo nina misimu. Kaskazi ikivuma nafanya kazi na dirisha, kusi ikianza nashusha shuka jeupe mara mbili dirishani au nafunga kabisa na kuwasha taa. Kila mwenye chumba huku kwetu ajue jua lake linaingilia wapi na mwezi gani.

Mrashi ulikuwa bado umekaa juu ya kabati, ndani ya kanga yake. Kila mwezi mama mdogo aliniuliza kwa upole, nami kila mwezi nilimtumia picha za sabuni.

Shule ya msingi tulikariri kwamba mwanga husafiri katika mstari ulionyooka, na ukigonga kioo unaondoka kwa pembe ileile uliyofikia, sawa na mpira uliopigwa ukutani kwa mshazari. Nilijua hivyo tangu darasani na sikuwahi kukitumia. Usiku mmoja nilizima taa zote, nikaiweka simu pale pale lenzi ilipokuwa, nikawasha tochi yake kuuelekea mrashi. Kama mwanga unaenda na kurudi kwa njia moja, basi popote tochi ile itakapotupwa na fedha ndipo kamera inapopaona. Chumba kizima kikapata madoa: darini, kwenye nondo za dirisha, mlangoni, kifuani kwangu. Tumbo la mviringo lilikuwa linaona kila kona. Nilikuwa nikihama kushoto na kulia miezi yote hiyo kutafuta mahali ambapo halinioni, na mahali hapo hapakuwepo.

Mtu mmoja aliniazima kichujio cha polaraizi cha kufunga mbele ya lenzi, kile kinachopunguza mng'ao wa maji na vioo. Kwenye vanishi ya mbao kilifanya kazi vizuri sana. Kwenye fedha hakikubadilisha kitu. Mng'ao wa chuma hauchujiki namna ile, lazima ubadilishe kinachoakisiwa.

Basi nikaubadilishia mrashi dunia yake. Nilinunua karatasi ya kunakilishia michoro, ile wanayotumia wachora ramani, inayopitisha mwanga bila kuonyesha sura ya kilicho nyuma yake. Nikaizungusha kama koni ya karatasi ya muuza karanga iliyopinduliwa, mrashi ndani, lenzi ikichungulia kwenye mpasuko mwembamba. Taa ikabaki nje. Sasa mrashi ulikuwa unaona karatasi nyeupe pande zote. Fulana haimo, nondo hazimo, taa ya dari haimo. Nikapiga, nikafurahi, nikaikuza picha, na furaha ikapungua. Ulikuwa mweupe kama umeumbwa kwa maziwa. Tumbo halina mviringo, shingo haina pande, mtu angedhani ni plastiki.

Nilikwenda kwa sonara mmoja ninayemjua, si kwa ajili ya picha, nilikuwa nimepeleka mkufu wa dada yangu uliokatika. Kabla ya kunionyesha kiungo alichokiunga, alisogeza kitambaa cheusi mezani, akauinua mkufu mpaka ukawa nusu mbele ya kitambaa, nusu mbele ya mlango uliokuwa wazi. Mshono ukaonekana.

"Kwa nini kitambaa, fundi?"

"Fedha haina rangi yake, kaka. Ina rangi ya jirani. Ukiipa jirani mweupe peke yake, haina cha kukwambia."

Nikarudi nyumbani nikakata karatasi ya manila nyeusi vipande virefu vya upana wa sentimita 2, nikavibandika ndani ya ile koni ya karatasi, kimoja kila upande, nje kidogo ya pale kamera inapoona. Kwenye picha pande zote mbili za mrashi zilipata mstari mweusi mwembamba unaopinda pamoja na tumbo, unabanwa shingoni, unafunguka tena kichwani. Kati ya mistari ile fedha ilikuwa na mpito, kutoka weupe wa karatasi hadi kijivu cha jioni. Ukawa na uzito. Mahali lenzi ilipochungulia palibaki kidoa cheusi, nikauzungusha mrashi hadi kikaangukia ndani ya nakshi za maua, kikapotea humo. Kamera ilikuwa kwenye stendi, ISO, yaani hisia yake kwa mwanga, nimeishusha hadi 100, tundu la lenzi dogo la f/11, muda wa nusu sekunde, na nilitumia saa ya kamera ijipige yenyewe nisiitikise. Usiku ule nililala saa kumi alfajiri.

Chupa za marashi zilikwenda haraka zaidi, kwa sababu sasa nilikuwa na swali langu. Kioo hakioni tu, kinapitisha pia. Kukimulika kwa mbele ni kazi bure, unapata kidoa cha taa na basi. Taa inakaa nyuma ya karatasi nyeupe, karatasi inakaa nyuma ya chupa, na eneo linalowaka liishie pale picha inapoishia. Pembeni unaweka karatasi nyeusi. Kingo za kioo ni nene na hupindisha mwanga, kwa hiyo zinauchukua weusi wa pembeni na chupa inajichora kwa wino. Ukitaka kinyume chake, chupa ing'ae kingo juu ya giza, unaweka karatasi nyeusi katikati nyuma ya chupa na kuacha mwanga uzunguke pembeni yake. Kwa marashi yenye rangi ya asali nilikata kipande cha jaribosi, ile karatasi ya kung'aa, chenye umbo la chupa, kidogo kuliko chupa yenyewe, nikakiegemeza nyuma yake bila kamera kukiona. Kikarudisha mwanga ndani ya maji na rangi ikaamka. Chupa uishike kwa kitambaa, alama ya kidole kwenye kioo kilichomulikwa kwa nyuma huonekana kama ramani ya mji. Na matone ya "ubaridi" mnayoyaona kwenye picha za vinywaji mara nyingi ni gliserini ya duka la dawa iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu. Maji matupu kwa joto letu hukauka kabla hujamaliza kulenga.

Lakini mama mdogo alikuwa ameomba harufu. Harufu haipigiki, na nilizunguka na ombi hilo muda mrefu. Nilipokwenda Unguja kumsalimia nilipita Shangani, Capital Art Studio, studio iliyofunguliwa na Ranchhod Oza mwaka 1930, nikasimama mbele ya zile picha za watu za nyeusi na nyeupe. Niliwatazama usoni, nikawa nasoma kivuli cha pua kimeangukia upande gani, kidoa cha taa kimekaa wapi ndani ya mboni, ili nijue taa ilisimama wapi siku ile. Ni shule isiyolipiwa ada, kila picha nzuri imeandika ndani yake jinsi ilivyomulikwa. Jioni, barazani kwa mama mdogo, nilimwona akimimina karafuu kavu kutoka kwenye ungo kwenda kwenye mtungi. Zilishuka kwa mkupuo, na harufu ikatufikia kabla hazijatua. Nikasema, hiyo ndiyo picha.

Karafuu iliyoanguka sentimita 40 inakwenda kwa kasi ya karibu mita 2.8 kwa sekunde. Kamera yangu na flashi haiwezi kupita 1/200 ya sekunde, na kwa muda huo karafuu inakuwa imeshuka sentimita moja na nusu, karibu urefu wake mzima. Ukitegemea kamera peke yake utapata ukungu wa kahawia. Kinachosimamisha karafuu ni mwako wa flashi. Flashi ndogo za kuweka juu ya kamera, kadiri unavyopunguza nguvu yake ndivyo mwako wake unavyokuwa mfupi. Ukishusha hadi 1/32 au 1/64 ya nguvu yake kamili unaweza kupata mwako wa muda wa 1/10,000 ya sekunde hivi, na ndani ya muda huo karafuu haisogei hata theluthi moja ya milimita.

Sharti ni moja: mwanga mwingine wowote usiwe na nguvu. Nilifunga dirisha kwa blanketi, nikapiga kwanza bila flashi, picha ikatoka nyeusi tii. Hapo nikajua chumba kimenyamaza na flashi ndiyo pekee itakayosema. Kwa kuwa nguvu ilikuwa ndogo ilibidi niisogeze karibu, sentimita 30 tu, ikimulika kwa nyuma kupitia ile karatasi ya wachora ramani. Mdogo wangu akasimama juu ya kigoda akimwaga, mimi nikihesabu, moja, mbili, tatu. Katikati ya kazi umeme ukakatika mtaa mzima. Flashi inatumia betri nne ndogo, hivyo tuliendelea kwa mwanga wa simu wa kutuonyesha ungo ulipo, na giza lile lilitufaa kuliko blanketi. Tulipiga zaidi ya mara mia mbili. Picha tatu ndizo zilizokuwa sawa, na katika moja unaziona karafuu zimetawanyika hewani juu ya sabuni, kila moja na kichwa chake cha mviringo na meno yake manne. Kama leo nisingekuwa na kifaa chochote, ningeanza kununua flashi moja ya aina hii na kifyatulio chake cha redio, kabla ya taa yoyote ya kuwaka muda wote.

Kulikuwa na kosa moja lililomgharimu mama mdogo. Alianza kufunga zawadi, sabuni tatu ndani ya kanga, na mteja wa Muscat akaagiza sita akipenda nyekundu ya kanga. Zilipofika akaandika kwamba alichoonyeshwa ni nyekundu, alichopokea ni damu ya mzee. Alikuwa na haki. Ile picha niliipiga saa kumi jioni, dirisha likileta mwanga wa mchana, ambao kwa kelvini, kipimo cha rangi ya mwanga, kwa kawaida ni 5,500 hivi, na taa ya mezani ya manjano, karibu 2,700, ikiwaka upande wa pili. Kamera ikajaribu kupatanisha mbili ikaongopa zote. Mama mdogo alimrudishia pesa na hakunilaumu, na hilo liliniuma kuliko kulaumiwa. Mtu aliyeko mbali hana mkono wa kugusa wala pua ya kunusa, ana picha yangu tu. Toka siku ile sichanganyi mwanga wa aina mbili juu ya bidhaa. Dirisha au taa, kimoja. Na picha ya kwanza ya kila kazi ina kadi ya kijivu imekaa mahali pa bidhaa, ili nikiwa kwenye kompyuta nijue kijivu ni kipi na rangi nyingine zijipange kutoka hapo. Kanga ninayo mkononi ninapolinganisha, karibu na dirisha, siyo kichwani.

Picha ya mwisho ya mrashi nilimpelekea mwenyewe, sikuituma kwa simu. Niliiprinti kubwa, nikapanda boti nayo, mrashi nikiwa nimeupakata ndani ya kanga yake. Mama mdogo alifuta mikono, akaipeleka picha mlangoni penye mwanga, akakaa kimya. Kisha akaweka kidole kwenye ule mstari mweusi wa upande wa kushoto. Chini kidogo ya nakshi mstari ulikuwa unakatika njia, unaingia ndani kidogo, halafu unaendelea. Nilikuwa nimeiona sehemu ile nikidhani ni kasoro ya karatasi yangu, na nilishapanga kuisafisha kwenye kompyuta.

"Hili bonyeo umelionaje? Mimi silioni hata nikiushika."

"Ni mstari ndio uliopinda, mama mdogo. Naweza kulifuta."

"Uliniponyoka mkononi siku ya harusi ya mama yako, pale ngazini, tukalificha bibi yako asijue." Akausogeza mrashi karibu na picha, akapitisha kidole kwenye tumbo lake taratibu mpaka akapapata. "Liache hapohapo."